Kukadiria Nyama ya Kuku Kabla ya Kuchinja: Mizani, Utepe na Daftari la Chama

Mwanachama wa chama cha msingi katika Mkoa wa Mtwara hahitaji kufundishwa maana ya kukadiria kilichomo ndani kwa kupima kilichoko nje. Kila msimu wa korosho huiona kazi hiyo ikifanywa ghalani. Sampuli huchotwa katika magunia, korosho huhesabiwa, hukatwa moja moja, na kiini kizuri hutengwa na kile kilichooza au kisichokomaa. Kutokana na sampuli hiyo ndogo hupatikana tarakimu moja, nayo ni ratili za kiini zitakazotoka katika gunia la kilo 80. Shehena yenye ratili 50, ambazo ni sawa na kilo 22.7, ina kiini kipatacho asilimia 28 ya uzito wake wote. Mnunuzi aliyeko India au Vietnam huitegemea tarakimu hiyo anapotoa bei, ingawa korosho zenyewe hajazitia machoni.

Kuku wa nyama naye ni gunia la namna yake. Huuzwa akiwa na damu, manyoya, kichwa, miguu na matumbo, lakini mlaji hutoa fedha yake kwa ajili ya kidari, mapaja, mabawa na mgongo. Tofauti kubwa ni kwamba korosho moja ikikatwa hasara yake haionekani, ilhali kuku akichinjwa ili nyama yake itazamwe, biashara ya kuku huyo imekwisha. Kwa hiyo wafugaji na wataalamu wa mifugo wa nchi nyingi wametafuta njia ya kumpima kuku akiwa hai, kwa mizani na kwa utepe, kisha kukadiria kwa hesabu nyama atakayotoa.

Jambo hili si la maabara peke yake. Tuseme chama kimepata oda ya hoteli au shule ya bweni inayotaka kuku 200 waliosafishwa, kila mmoja asipungue kilo 1.2. Kuku wenyewe wako kwa wanachama, huyu Mikindani, yule Madimba, mwingine Kitaya karibu na Mto Ruvuma, nao wote wangali hai. Katibu akikadiria kwa jicho akazidisha, oda haitatimia na chama kitapoteza mnunuzi. Akikadiria pungufu, mwanachama ataambiwa angoje wiki nyingine, na muda wote huo kuku wanakula. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji wa kuku wa nyama, aghalabu asilimia 60 hadi 70 ya gharama yote. Wiki moja isiyokuwa na sababu yaweza kuimeza faida ya banda zima.

Yanayotoka na yanayobaki

Kuku wa nyama wa kisasa akichinjwa, hutoka kwanza damu, ambayo ni asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake wa hai. Baada yake hutoka manyoya, kisha kichwa, miguu na matumbo. Kinachobaki, bila shingo na bila maini, moyo na firigisi, huwa kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 75 ya uzito wa hai. Kuku wa kienyeji aghalabu huwa chini ya hapo, kwa kuwa kidari chake ni chembamba, na mifupa na matumbo yake huchukua sehemu kubwa zaidi ya mwili.

Katika vitabu vya Kiingereza nyama hiyo huitwa kwa neno ambalo wafasiri wengine wamelitia katika Kiswahili kuwa "mzoga". Neno hilo halifai kabisa kuandikwa katika hati za chama kinachouza nyama kwa watu wa pwani, ambao kwao mzoga ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. "Kuku aliyesafishwa" latosha. La muhimu zaidi ni kueleza katika mkataba kama kuku aliyesafishwa huhesabiwa pamoja na shingo, maini na firigisi, au bila ya hivyo. Ugomvi mwingi wa uzito kati ya muuzaji na mnunuzi huanzia hapo, na hapana hesabu iwezayo kuumaliza baadaye.

Hata huo uzito wa hai si kitu kimoja. Kuku aliyekula muda huu huu ana chakula katika mfuko wa shingoni, katika firigisi na katika utumbo, na mizani haitofautishi chakula hicho na kidari. Mfugaji anayewalisha kuku wake asubuhi ya kupima huwa anauza pumba kwa bei ya nyama. Mfugaji mwenziwe, ambaye kuku wake wameshinda na njaa ndani ya tenga njia nzima kutoka Kitaya, wakihema kwa joto na kupoteza maji ya mwili, hudhulumiwa ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Desturi inayokubalika kwa wachinjaji ni kuondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, huku maji yakiachwa mpaka wakati wa kuwakamata. Zaidi ya saa 12 utumbo hulegea na kupasuka upesi wakati wa kusafisha, tena kuku huanza kupoteza uzito wa mwili wenyewe. Chama kichague mahali pamoja pa kupimia, ama bandani ama mlangoni pa machinjio, na wanachama wote wapimwe hapo baada ya kufunga kwa muda uleule.

Kipimo kipi kinasema kweli

Vipimo vya mwili wa kuku vinavyotumiwa sana ni uzito wa hai, mzingo wa kifua, urefu wa mwili, urefu wa mfupa wa kidari, na urefu wa muundi. Mzingo wa kifua hupimwa kwa futi ya fundi cherehani inayopitishwa chini ya mabawa, mahali kifua kilipo kinene zaidi. Mfupa wa kidari ni ule uliosimama katikati ya kifua mfano wa mkuku wa jahazi. Muundi ni sehemu ya mguu isiyo na manyoya, kutoka kwenye kifundo hadi vidoleni.

Katika vyote hivyo uzito wa hai ndio unaotangulia kwa mbali. Mwenye mizani nzuri na kuku wa aina moja anaweza kukadiria uzito wa kuku aliyesafishwa kwa karibu sana bila kugusa utepe. Baada ya uzito hufuata mzingo wa kifua, hasa mtu akitaka kujua nyama ya kidari peke yake, kwa maana kifua kipana chenye mfupa mrefu ndicho chenye mahali pa kushikia nyama. Muundi huja nyuma kabisa. Huonyesha ukubwa wa kiunzi cha kuku, wala si unene wa nyama iliyokifunika, na majogoo huwa na muundi mrefu kuliko mitetea wa umri uleule.

Mtu aweza kudhani kwamba akivijumlisha vipimo vyote vitano makadirio yake yatakuwa bora mara tano. Sivyo. Kuku anapokua, kifua hupanuka, mwili hurefuka, muundi hurefuka na uzito huongezeka kwa pamoja. Kipimo cha tatu na cha nne hurudia habari iliyokwisha tolewa na cha kwanza, kama watu watatu waliosikia jambo moja kutoka kwa msemaji mmoja. Kwa katibu wa chama, uzito na mzingo wa kifua vyatosha, na mara nyingi uzito peke yake watosha.

Hapana budi kuutaja na mkono wa mchuuzi. Wachuuzi wa kuku humshika kuku chini ya kidari na kupapasa mfupa, na kwa mguso mmoja hujua kama mfupa umechongoka kwa ukondefu au umezama katika nyama. Mkono huo si wa kudharauliwa, kwani hupima unene ambao mizani haiuoni. Hata wataalamu wa kuku huwa na alama zao za kutoa kwa kupapasa mfupa huo. Upungufu wake ni kwamba hauandikiki katika daftari, tena mkono wa mnunuzi na mkono wa muuzaji aghalabu hutoa majibu yanayopishana.

Kwa nini utepe humfaa ng'ombe kuliko kuku

Wafugaji wa ng'ombe wamezoea utepe wa kifua. Upo hata utepe uliochapishwa kilo badala ya sentimeta, ambao mganga wa mifugo huuzungusha nyuma ya miguu ya mbele akasoma uzito papo hapo. Mtu akiona hivyo huuliza kwa nini kuku naye asipimwe kwa utepe, hasa vijijini ambako mizani ni adimu.

Jibu limo katika hesabu ya mchemraba. Ukiongeza upana, urefu na kina cha sanduku kwa kiasi kilekile, ujazo wake huongezeka kwa mchemraba wa kiasi hicho. Mwili wa mnyama hufuata kanuni iliyo karibu na hiyo, yaani uzito huenda pamoja na mchemraba wa mzingo wa kifua. Basi ng'ombe mwenye kifua cha sentimeta 150, mpimaji akikosea kwa sentimeta moja, kosa katika uzito litakuwa asilimia 2 tu. Kuku mwenye kifua cha sentimeta 30, kosa lilelile la sentimeta moja huleta kosa la asilimia 10. Kwa kuku wa kilo 2 hizo ni gramu 200, na sentimeta moja katika kuku ni manyoya tu: utepe ukilegezwa hukaa juu ya manyoya, ukikazwa huyalaza.

Kwa hiyo utepe utumike pale tu ambapo mizani haipo, na mtu mmoja awapime kuku wote, kila kuku mara mbili, kisha uchukuliwe wastani. Watu wawili wenye mikono tofauti wakigawana kazi katika banda moja, tarakimu zao hazifai kuchanganywa.

Mlinganyo wa wengine

Zipo hesabu nyingi zilizochapishwa za kukadiria nyama ya kuku kutokana na vipimo vya mwili, nazo huwa katika umbo la mlinganyo: zidisha uzito kwa tarakimu hii, ongeza mzingo wa kifua mara tarakimu ile, toa tarakimu nyingine. Katibu mwenye bidii aweza kuuona mlinganyo wa namna hiyo akadhani amepata dawa. Lakini kila mlinganyo hutokana na kuku waliopimwa mahali fulani, wa aina fulani na umri fulani, na nje ya hao hauna dhamana.

Mfano ulio karibu ni wa kuku wa humu nchini. Kuchi ni kuku mrefu aliyesimama wima, mwenye miguu mirefu na shingo ndefu. Ching'wekwe ni mfupi wa miguu na mdogo wa mwili. Wote wawili wamepimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, katika uchunguzi wa kuku wa asili wa Tanzania. Mlinganyo unaotegemea urefu wa muundi, uliotengenezwa kwa kuku wa nyama wa kizungu, ukitumiwa kwa Kuchi utamwahidi mnunuzi kidari ambacho Kuchi hanacho. Kadhalika Sasso na Kuroiler, kuku waliojaribiwa Tanzania, Ethiopia na Nigeria chini ya mradi ulioanza katika miaka ya 2010 na kuihusisha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, wana maumbile yaliyo kati ya kuku wa kienyeji na kuku wa nyama. Nao wapaswa kuwa na hesabu yao.

Hata kuku wa nyama si wamoja tangu zamani hadi leo. Mwaka 1948 Marekani ilimaliza shindano la kitaifa la kumtafuta "Kuku wa Kesho", ambamo kuku waliosafishwa walilinganishwa na sanamu ya nta iliyoonyesha kuku mwenye kidari bora. Tangu hapo wazalishaji wa mbegu wameendelea kuchagua kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga pamoja, kwa chakula cha namna moja, kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya mwaka 1978 na ya mwaka 2005. Walipofikia umri wa siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Tena kuku wa 2005 hawakuzidi kwa uzito tu, bali hata sehemu ya kidari katika mwili ilikuwa imeongezeka sana. Mlinganyo uliotengenezwa kwa kuku wa mwaka 1978 leo ni kama nauli iliyoandikwa katika tiketi ya mwaka ule.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kuku wa nyama akiishi katika joto kali hupunguza kula, hukua polepole, na kidari chake huwa sehemu ndogo zaidi ya mwili kuliko cha mwenzake aliyefugwa mahali pa baridi. Katika ufuko huu wa Mtwara, kundi lililokua wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, halifai kudhaniwa kuwa sawa na kundi lililokua wakati wa kusi. Vifaranga vyaweza kuwa vya mbegu ileile, vimeletwa kwa basi lilelile kutoka Dar es Salaam, na bado nyama ikatofautiana.

Chama kujitengenezea mlinganyo wake

Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Huhitaji mizani nzuri, daftari, na oda moja ambayo kuku wake wangechinjwa kwa vyovyote, ili asiwepo kuku anayechinjwa kwa ajili ya hesabu tu. Huchukuliwa kuku 45 wa aina moja na umri mmoja. Wasikamatwe wale wa kwanza kufikiwa na mkono, kwani hao huwa ndio wazito au wagonjwa wasioweza kukimbia. Bandani huzungushiwa ubao au kipande cha wavu pembe moja, na kuku wote waliofungiwa humo hupimwa bila kuchagua. Kila kuku hufungwa mguuni kitambaa chenye namba, uzito wake wa hai huandikwa, na baada ya kuchinjwa, kusafishwa na kuchuja maji, hupimwa tena. Kuchuja maji si jambo la kupuuzwa, kwani kuku aliyelowekwa katika maji ya baridi hunyonya maji, na uzito huo hudondoka wote njiani.

Kuku 30 hutumika kutengeneza mlinganyo, na 15 waliobaki huwekwa kando kwa ajili ya kuujaribu. Wale 30 hupangwa kuanzia mwepesi hadi mzito, wakagawanywa mafungu matatu ya kuku kumi kumi. Tuseme, kwa mfano tu, fungu la wepesi lina wastani wa kilo 1.50 hai na kilo 1.05 baada ya kusafishwa. Fungu la wazito lina kilo 2.30 na kilo 1.67. Wastani wa kuku wote 30 ni kilo 1.90 na kilo 1.36.

Toa uzito wa wepesi katika uzito wa wazito: nyama imeongezeka kilo 0.62, na uzito wa hai umeongezeka kilo 0.80. Gawanya 0.62 kwa 0.80, utapata 0.775. Maana yake ni kwamba kila gramu 100 zinazoongezeka kwa kuku hai huleta gramu 77.5 za nyama. Basi ili kumkadiria kuku yeyote wa kundi hilo, toa 1.90 katika uzito wake wa hai, zidisha kwa 0.775, kisha ongeza 1.36. Njia hii ya mafungu matatu ilielezwa na mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, M. S. Bartlett, mwaka 1949. Simu nyingi za siku hizi zina programu za majedwali zinazoweza kufanya hesabu iliyo kamili zaidi, lakini tofauti ya majibu kwa kazi ya chama huwa ndogo.

Msomaji ataona kwamba katika mfano huu kuku mwepesi ametoa asilimia 70 na mzito karibu asilimia 73. Ndivyo ilivyo kwa kawaida, maana sehemu ya nyama huongezeka kuku anapokuwa mzito. Katibu anayetumia asilimia moja kwa kuku wote, yaani ile ya wastani iliyo karibu na 71.6, atamwongezea kuku wa kilo 1.5 gramu 24 asizokuwa nazo. Kwa kuku 200 hizo ni karibu kilo 5 za nyama iliyoahidiwa ambayo haipo.

Sasa huletwa wale 15. Kila mmoja hukadiriwa kwa mlinganyo, kisha makadirio hulinganishwa na uzito uliopatikana kweli, na tofauti huandikwa bila kujali kama ni ya kuzidi au ya kupungua. Zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, tofauti ya kumi katika hizo 15 ndiyo kipimo cha kosa, kwani theluthi mbili za kuku hazikuivuka. Chama kisichofanya jaribio hili hakina mlinganyo, kina matumaini. Mlinganyo daima huonekana mzuri kwa kuku waliouzaa.

Kuirudia oda ya hoteli

Hoteli inataka kilo 1.2. Kwa mlinganyo wa hapo juu, kuku mwenye kilo 1.69 akiwa hai ndiye anayekadiriwa kutoa kilo 1.2. Makatibu wengi wangeishia hapo, na hapo ndipo hasara ilipo. Makadirio ni wastani. Wakikusanywa kuku wenye kilo 1.69 hasa, takriban nusu yao watatoa zaidi ya kilo 1.2 na nusu watatoa pungufu. Mkataba unasema asipungue hata mmoja, na mwenye hoteli hawezi kumtilia mgeni wa meza ya pili nyama iliyozidi katika sahani ya meza ya kwanza.

Tuseme kosa lililopatikana kwa wale 15 ni gramu 50. Kwa kuku waliotawanyika kwa namna ya kawaida, karibu 95 katika kila 100 watakuwa ndani ya mara mbili ya kosa hilo, yaani gramu 100 juu au chini. Kwa hiyo chama kilenge kilo 1.3 badala ya 1.2. Hesabu ikirudishwa nyuma, kuku wa kupokelewa awe na kilo 1.82 akiwa hai. Kuku mmoja hivi katika kila 40 wenye uzito huo ataweza bado kupungua, na kwa hao chama kichinje akiba ya kuku watano au sita.

Oda ikiwa ni ya uzito wa jumla, kwa mfano mpishi wa harusi anayetaka kilo 270 bila kujali ukubwa wa kila kuku, mambo hubadilika kabisa. Makosa ya kuzidi na ya kupungua hufutana. Kosa la gramu 50 kwa kuku mmoja, kwa kuku 200 halifiki kilo 10 kama mtu anavyoweza kuzidisha, bali huwa kiasi cha gramu 700 tu. Oda kama hiyo yaweza kupokelewa bila kuongeza akiba kubwa, na mwanachama asilazimishwe kufuga kuku hadi kilo 1.82 kwa sababu ya sharti ambalo mnunuzi hakuliweka.

Lipo lakini kosa lisilofutika kwa wingi, nalo ni lile la upande mmoja. Mizani ikizidisha gramu 50 kwa kila kuku, kwa kuku 200 imezidisha kilo 10 kamili, na hata wakiwa kuku elfu moja haitajirekebisha. Mizani ya magunia ya korosho iliyoko ghalani haifai kumpima kuku mmoja mmoja, kwa kuwa haioni tofauti ndogo. Kama hapana nyingine, wapimwe kumi kumi ndani ya tenga ambalo uzito wake umeandikwa, na upatikane wastani. Mizani yoyote itakayotumika kumlipia mwanachama iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na kabla ya kazi ya kila siku ijaribiwe kwa jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana, wanachama wakiona.

Malipo nayo yafuate kipimo. Bei ya kichwa, ambayo kuku wote hulipwa sawa, humpunja aliyelisha vizuri na humfadhili aliyelisha vibaya. Bei ya kilo hai ni bora, mradi masharti ya kufunga chakula yatimizwe na wote. Chama chenye machinjio chaweza kulipa kwa uzito wa kuku aliyesafishwa, kwa stakabadhi inayoonyesha namba ya mwanachama, idadi ya kuku, jumla ya uzito hai na jumla ya uzito uliosafishwa. Wanachama waliouzoea utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008 hawataona ugeni katika karatasi hiyo. Tarakimu zake mbili za mwisho, zikihifadhiwa oda baada ya oda, ndizo zitakazoonyesha kama mlinganyo wa chama bado unasema kweli.

Zikianza kuachana kwa upande mmoja katika oda mbili zinazofuatana, kuku wengine 45 wapimwe upya. Na ifanyike vivyo hivyo vifaranga wanapoletwa kutoka kwa mzalishaji mwingine, chakula kinapobadilishwa, na kaskazi inapoanza kuvuma.